Nyumba Kira, nyumba London: kulinganisha bei za miji bila kudanganyika

Katika mwaka ulioishia Desemba 2024, bei za nyumba nchini Uturuki zilipanda kwa asilimia 29.4. Kwenye orodha yoyote ya dunia namba hiyo inakaa juu kabisa, na mtu mwenye akiba yake Kampala au Mbarara anaweza kuanza kuulizia nauli ya kwenda Istanbul. Lakini katika miezi hiyohiyo mfumuko wa bei wa Uturuki ulifika asilimia 44.4. Mwenye nyumba aliumaliza mwaka akiwa na mali inayonunua vitu pungufu kuliko ilivyoweza kununua mwaka ulipoanza. Kwa thamani halisi, nyumba yake ilishuka kwa asilimia 10.4.

Orodha za namna hii hazikauki kwenye simu zetu. Ndugu aliyeko kyeyo, yaani kazini ughaibuni, London au Dubai, anaitupia kwenye kundi la familia, na maswali yanafuata: tununue huko, au tumalizie ile ya Kira, nje kidogo ya Kampala? Fedha inayozungumziwa mara nyingi ni akiba ya miaka mingi ya watu kadhaa, kwa hiyo namba zinastahili kusomwa kwa uangalifu uleule ambao mtu anasoma nao hati ya ardhi. Namba zenyewe si za uongo. Shida ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na maswali hayafanani. Ni wastani wa nini? Kwa fedha ipi? Tangu lini hadi lini? Na ni kitu gani hasa kilichouzwa? Mpaka upate majibu hayo manne kwa kila mji, huna ulinganisho. Una majina ya miji yaliyopangwa mstari.

Wastani wa nini

Chukua mtaa wa mfano ambako nyumba tano zimeuzwa ndani ya robo moja ya mwaka: milioni 180, 200, 220, 250, na jumba moja la shilingi milioni 1,650. Jumla ni milioni 2,500, wastani ni milioni 500. Hakuna hata nyumba moja iliyouzwa karibu na milioni 500. Bei ya katikati, yaani ile iliyo ya tatu ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ni milioni 220. Sasa robo inayofuata zinauzwa nyumba tano tena, nne kwa bei zilezile, na mahali pa jumba pakawa na nyumba ya milioni 260. Wastani unaporomoka hadi milioni 222. Kichwa cha habari kitasema bei zimeanguka kwa zaidi ya nusu, wakati hakuna muuzaji aliyepunguza hata shilingi. Bei ya katikati imebaki palepale, 220.

Hili si jambo la darasani tu. Machi 2023 wastani wa bei ya fleti mpya katika kata 23 za Tokyo ulipita yen milioni 200, zaidi ya maradufu ya Machi iliyotangulia. Kilichotokea ni kwamba miradi michache ya kifahari ya katikati ya jiji, ukiwemo Mita Garden Hills, iliingiza fleti zake sokoni mwezi huohuo. Wastani wa mwaka mzima ukatua kwenye takriban yen milioni 115. Aliyechukua namba ya Machi akaiita "bei ya Tokyo" aliikuza bei hiyo karibu maradufu.

Bei ya katikati ni bora, lakini nayo ina mtego, na kwa mji unaotanuka kama Kampala mtego huo haupumziki. Wanunuzi wakipungua Bugolobi, mtaa wa ghali, na kuongezeka Matugga, pembezoni ambako ni nafuu, bei ya katikati ya eneo zima inashuka hata kama bei imepanda Bugolobi na imepanda Matugga. Mchanganyiko wa nyumba zinazouzwa umebadilika, basi.

Ndiyo sababu wapimaji wazito huifuata nyumba ileile. Fahirisi ya Case-Shiller ya Marekani, iliyopewa majina ya wachumi Karl Case na Robert Shiller, inachukua nyumba iliyouzwa mara mbili na kulinganisha bei ya kwanza na ya pili. Fahirisi ni namba inayoipa bei ya kuanzia 100 na kufuatilia mabadiliko yake; kwa hii, Januari 2000 ndiyo 100 yake. Njia hiyo inadai nyumba ziuzwe mara kwa mara, rekodi ziwe wazi, na nyumba iliyoongezwa vyumba iondolewe, kwa kuwa bei yake mpya imebeba matofali mapya. Kampala inakwama hapo. Familia ikishajenga huenda isiuze maisha yote, na katika miaka hiyo imeongeza ukuta, geti, tangi la maji na vyumba vya uani vya kupangisha. Hata ikiuza, si nyumba ileile.

Uingereza inatumia njia nyingine: inakadiria kila sifa inachangia kiasi gani katika bei (mahali, aina ya nyumba, vyumba, ukubwa wa sakafu, mpya au ya zamani), halafu inapima bei ya nyumba ya kiwango kilekile mwezi hadi mwezi. Zaidi ya hayo, wastani wake ni wa kijiometria, ambao hupunguza nguvu ya majumba ya mabilioni. Kwa hiyo ukiiona "bei ya wastani ya London" kwenye takwimu za serikali, jua iko chini kuliko ile ambayo ungepata kwa kujumlisha mauzo yote na kugawanya. Kuiweka kando ya wastani wa kawaida wa mji mwingine ni kuionea London au kuipendelea, kutegemea unatafuta nini.

Kwetu, UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, hutoa kila robo mwaka fahirisi ya bei za nyumba za kuishi za Kampala na Wakiso, ikiwa imegawanywa: Kampala Central pamoja na Makindye, Nakawa peke yake, Kawempe pamoja na Rubaga, kisha Wakiso. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia kwa yeyote anayesema "Kampala". Usiikopeshe Gulu, Jinja wala Mbarara, haikupima huko.

Angalia pia bei imetoka wapi. Bei ya tangazo, bei ya mthamini wa benki na bei iliyolipwa ni vitu vitatu tofauti. Tangazo la dalali lina nafasi ya kupatana ndani yake. Bei inayoandikwa kwenye fomu ya uhamisho nayo inavutwa chini, kwa sababu ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani, na ndiyo maana ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali hukadiria yenyewe. Tovuti zinazojazwa na watumiaji, kama Numbeo, hunukuliwa sana kwa miji ya Afrika kwa kuwa ni za bure na kila mji una ukurasa. Kwa mji wenye wachangiaji wachache, mtu mmoja wa Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, akijaza bei za mtaa wake anaweza kulisogeza jiji zima. Mimi nisingeitumia kupima mabadiliko ya mwaka hadi mwaka hata kidogo. Kwa mabadiliko ya nchi na nchi kuna hifadhidata za BIS, benki ya malipo ya kimataifa iliyoko Basel, na ya tawi la Dallas la benki kuu ya Marekani, inayorudi nyuma hadi 1975. Hizo zinatenganisha bei za kawaida na bei halisi, na zinaeleza zimepimwaje.

Fedha ipi

Kosa la kwanza hapa ni la hesabu. Watu hutoa mfumuko wa bei kwenye ongezeko la bei ya nyumba. Kwa Uturuki, 29.4 kutoa 44.4 inakupa kushuka kwa 15. Sivyo. Unagawanya: 1.294 kwa 1.444 ni 0.896, yaani kushuka kwa asilimia 10.4. Mfumuko ukiwa mdogo, kama wetu wa 2024 uliokuwa wastani wa zaidi kidogo ya asilimia 3, njia hizo mbili zinakaribiana na hakuna anayegundua. Ukiwa mkubwa, kosa linakuwa kubwa.

Sasa London, kwa sababu ndiyo inayovutia ndugu zetu wengi. Kutoka katikati ya 2016 hadi katikati ya 2024, bei ya wastani kwa pauni ilipanda takriban moja ya kumi. Katika kipindi hichohicho bei za bidhaa Uingereza zilipanda takriban theluthi moja. Gawanya 1.10 kwa 1.33 unapata 0.83: kwa thamani halisi nyumba ya London ilipoteza karibu asilimia 17 ndani ya miaka minane. Na pauni yenyewe, iliyokuwa karibu dola 1.48 siku ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Juni 23, 2016, ilikuwa karibu 1.27 katikati ya 2024. Aliyebadili dola akanunua siku ile, akauza miaka minane baadaye na kurudisha dola, alirudisha pungufu ya alichopeleka, kabla hata hajalipa mwanasheria na wakala. Kwenye orodha ya mabadiliko kwa fedha ya nyumbani, London ileile inaonekana imepanda.

Tokyo ni hivyohivyo kwa ukali zaidi. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama yen 80. Mwaka 2024 ilikuwa kama 150, na Julai ilikaribia 162. Kwa kiwango cha 80 hadi 150, fleti inahitaji kupanda asilimia 87.5 kwa yen ili tu ibaki palepale kwa dola. Mjapani anayelipwa kwa yen anaona nyumba zimemshinda. Mgeni mwenye dola anaona mji wa bei nafuu. Wote wawili wanasema kweli.

Mfano wa jirani unaonekana vizuri zaidi. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imefika karibu 160 kwa dola. Kufikia Agosti ilikuwa imerudi karibu 129. Nyumba ya Nairobi yenye bei isiyobadilika ya shilingi za Kenya milioni 16 ilikuwa dola 100,000 mwanzoni mwa mwaka na dola 124,000 miezi michache baadaye. Asilimia 24, na hakuna aliyepaka hata rangi ukuta.

Shilingi yetu ilipata pigo lake 2015, ilipotoka wastani wa 2,600 kwa dola wa mwaka uliotangulia hadi wastani wa 3,240. Fuata nyumba ya mfano ya shilingi milioni 260 mwaka 2014: ni dola 100,000. Mwaka 2024, kwa kiwango cha 3,750, ikiuzwa milioni 375 bado ni dola 100,000. Imepanda asilimia 44 kwa shilingi na sifuri kwa dola, na dola nayo katika miaka hiyo kumi ilipoteza karibu robo ya nguvu yake ya kununua huko Marekani. Mtu wa Kololo au Nakasero, ambako nyumba nyingi hunukuliwa kwa dola, na mtu wa Najjera anayeuza kwa shilingi, wako katika masoko mawili ndani ya jiji moja. Kuwachanganya katika safu moja bila kuweka alama ni kuharibu hesabu mapema.

Basi utumie fedha gani? Ile utakayoitumia baadaye. Kama nyumba ni ya kulipia karo Kampala, pima kwa shilingi halisi. Kama mkopo utalipwa kwa mshahara wa pauni, pima kwa pauni. Kama familia iko pande zote mbili, weka safu mbili na usizijumlishe. Unapobadili fedha tumia kiwango cha wastani wa robo mwaka nzima; kiwango cha siku moja kinaweza kuwa siku ya kupanda au kushuka kwa ghafla, na utakihesabu kama bei ya nyumba.

Tangu lini

Hong Kong inafundisha hili kuliko mji mwingine wowote. Fahirisi yake ya Centa-City, inayoanzia 100 Julai 1997, ilikuwa takriban 103 kileleni mwaka huo, ikaanguka hadi takriban 31 mwaka 2003 wakati wa ugonjwa wa SARS, ikapanda hadi takriban 191 Agosti 2021. Anayeanza 2003 anasema bei zimeongezeka mara sita, ukuaji wa karibu asilimia 10.6 kwa mwaka. Anayeanza 1997 anasema asilimia 2.6 kwa mwaka. Mji uleule, fahirisi ileile. Na aliyenunua kileleni mwa 2021 alikuwa amepoteza zaidi ya robo kufikia mwanzoni mwa 2025.

Kwa hiyo usikubali ulinganisho ambao umempa kila mji mwaka wake wa kuanzia. Dubai ikipimwa kuanzia 2020 inang'aa, kwa sababu 2020 ilikuwa shimoni baada ya kushuka tangu 2014. Ipime kuanzia 2014 na utaona sura nyingine. Kanuni ninayoiamini ni kupima kilele kwa kilele na shimo kwa shimo, au kuchukua miaka 15 na zaidi ili mizunguko ifutane.

Kuna jambo la asilimia ambalo linaumiza watu wenye akili zao timamu. Las Vegas ilipoteza takriban asilimia 60 kutoka kilele cha 2006 hadi 2012. Kilichobaki ni 40 katika kila 100. Kurudi kwenye 100 kunadai kupanda asilimia 150. Mtu akikuonyesha kwamba Las Vegas imepanda asilimia 100 tangu 2012, amekuonyesha mji ambao bado haujarudi ulipokuwa. Kwa kweli ulihitaji kungoja hadi 2021 hivi kurudi, na hapo bado hujagusa mfumuko wa bei. Dublin nayo ilipoteza zaidi ya nusu baada ya 2007. Ardhi ya miji sita mikubwa ya Japani ilipoteza takriban robo tatu ya thamani yake kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ilichukua kama miaka 15 kufika chini. Anayesema ardhi haishuki kamwe hajasoma habari za Japani.

Kitu gani kimeuzwa

Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.764. Hilo linabadilishwa na kompyuta. Kisichobadilishwa na kompyuta ni kilichohesabiwa ndani ya hiyo mita. Mumbai, fleti ya mita 100 kwa kipimo cha wauzaji cha zamani inabeba ngazi, lifti na korido za jengo. Ndani ya mlango wako unaweza kukuta mita 70. Bei kwa mita ya kutembea ni asilimia 43 juu ya ile uliyoiona. Sheria ya India ya 2016 ililazimisha kutaja sakafu ya ndani, na Hong Kong ililazimisha jambo kama hilo kwa nyumba mpya 2013. China bado wanauza pamoja na sehemu ya pamoja katika miji mingi. Ukiweka Shanghai, Hong Kong na London katika safu moja ya "dola kwa mita" bila kusahihisha, umelinganisha vitu vitatu.

Kwetu kosa hilo linaitwa 50 kwa 100. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, desimali 100, kwa hiyo desimali moja ni futi za mraba 435.6. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni futi 5,000, yaani desimali 11.5. Lakini kinatangazwa kila siku kama desimali 12.5, thumuni ya ekari. Tofauti ni futi 445, asilimia 8 ya ardhi. Kwa kiwanja cha shilingi milioni 60, mnunuzi anadhani analipa milioni 4.8 kwa desimali. Kwa hakika analipa milioni 5.2. Futi 100 kwa 100 inayoitwa robo ekari ina tatizo hilohilo: ni desimali 23, si 25. Na barabara ya kuingilia ikimegwa kutoka kwenye kiwanja chako, inapungua zaidi. Mpimaji ardhi aliyesajiliwa akifungua mipaka ndipo unajua ulicholipia. Ukikusanya bei za viwanja vya Wakiso kwa ajili ya jedwali lako, zigeuze zote kuwa shilingi kwa desimali zilizopimwa, au ziache.

Halafu haki. Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa Buganda), umiliki huru, upangaji wa muda na ardhi ya kimila. Nyumba mbili zinazofanana matofali kwa matofali, moja kwenye hati ya mailo na nyingine kwenye kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine, haziwezi kuwa na bei moja, na mabadiliko ya bei zao hayaendi pamoja. Benki inaikopesha moja na kuikataa nyingine. Asiye raia anaweza kupata upangaji tu, usiozidi miaka 99, na hilo linamhusu pia ndugu aliyechukua uraia wa nje bila kuhifadhi wa Uganda. London nayo fleti nyingi ni za upangaji wa muda, na zikibakiza chini ya miaka 80 thamani yake hulegea na kuongeza muda hugharimu. China haki ya matumizi ya ardhi ya makazi ni miaka 70. Katika jedwali lako weka safu ya haki na safu ya miaka iliyobaki. Ni safu inayorukwa na karibu kila orodha ya dunia, na ndiyo inayoamua kama watoto watarithi kitu.

Riba, na kwa nini Kampala haifuati wenzake

Januari 2021 riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 Marekani ilifika asilimia 2.65, chini kuliko wakati wowote kabla. Oktoba 2023 ilikuwa 7.79. Kwa mkopo wa dola 300,000, malipo ya mwezi yalitoka dola 1,209 hadi 2,158. Mtu angetegemea bei zianguke. Hazikuanguka, kwa sababu mkopo wa Marekani kwa kawaida umefungwa riba kwa miaka yote 30: aliyekopa kwa asilimia 3 hakutaka kuuza na kwenda kukopa kwa 7. Nyumba za kuuzwa zikawa chache, na bei ikasimama.

Kanada mikopo hufungwa kwa miaka michache tu, mara nyingi mitano, na mwanzoni mwa 2022 wengi walikuwa wamechukua riba inayopanda na kushuka. Benki kuu yao ilitoka asilimia 0.25 Machi 2022 hadi 5 Julai 2023. Toronto, iliyokuwa na wastani wa zaidi ya dola milioni 1.3 za Kanada Februari 2022, ikashuka. Hong Kong sarafu yake imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1983, hivyo hulazimika kuufuata uamuzi wa Washington hata uchumi wake ukiwa unataka kinyume. Riba ilipanda, nyumba zikashuka. Ukiona miji miwili imepata dhoruba moja na kujibu tofauti, soma kwanza mkataba wa mkopo wa kawaida wa kila mji.

Kampala iko nje ya mchezo huo. Mkopo wa shilingi milioni 200 kwa miaka 15 kwa asilimia 17 unadai karibu milioni 3.08 kila mwezi, na mwisho umelipa karibu milioni 554. Kwa asilimia 5 mkopo huohuo ungekuwa milioni 1.58 kwa mwezi. Kwa riba zetu wengi hawakopi. Wananunua kiwanja, wanaweka msingi, wanangoja, wanapandisha ukuta, wanangoja, wanaezeka mabati, na mara nyingi wanahamia kabla ya lipu. Bei za Kampala kwa hiyo hazitetemeki sana benki kuu inapobadili riba yake. Zinasukumwa na barabara, maji na umeme, na fedha kutoka nje. Barabara ya kasi ya Entebbe, kilomita 51 pamoja na tawi la Munyonyo, ilifunguliwa Juni 2018. Ukipima bei za ukanda ule, tenganisha viwanja vilivyo karibu na maingilio yake na vile ambavyo barabara imevipita tu juu kwa juu. Na kwa anayejenga mwenyewe, fahirisi ya nyumba zilizokamilika haitoshi. Anahitaji safu mbili: bei ya desimali, na gharama ya kujenga mita moja ya mraba.

Kuweka namba mezani

Jedwali lenyewe ni jepesi. Kila mji mstari wake. Chukua fahirisi ya robo mwaka, gawanya kila robo kwa robo ya kuanzia uliyoichagua kwa miji yote, zidisha kwa 100. Safu ya pili, gawanya kwa fahirisi ya bei za walaji ya nchi hiyo, nayo ikiwa imeanzishwa 100 robo ileile. Safu ya tatu, badili kwa fedha yako kwa kiwango cha wastani cha robo. Ukuaji wa mwaka ni namba ya mwisho gawanya kwa ya mwanzo, yote kwa kipeo cha moja gawanya kwa idadi ya miaka, kisha kutoa moja; kwenye kompyuta andika =(B2/A2)^(1/10)-1 kwa miaka 10. Usigawanye ongezeko lote kwa miaka. Asilimia 100 kwa miaka 10 ni 7.2 kwa mwaka, si 10. Kumbuka pia kwamba takwimu nyingi za serikali yetu hufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai, hivyo robo ya kwanza ya 2023/24 ni Julai hadi Septemba 2023. Kuiweka kando ya robo ya kwanza ya London ni kukosea kwa miezi sita.

Baada ya hapo ongeza pango, kwa sababu mabadiliko ya bei ni nusu tu ya kile nyumba inachokulipa. Nyumba ya mfano ya milioni 300 iliyopangishwa milioni 1.5 kwa mwezi inaonekana kuleta milioni 18, asilimia 6. Mwezi mmoja ikikaa tupu inabaki 16.5. Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama: milioni 1.64. Matengenezo, weka asilimia 1 ya thamani, milioni 3. Kinachobaki ni karibu milioni 11.9, asilimia 4, na hujalipa kodi ya majengo wala mlinzi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa London na Dubai, ukitumia kodi zao. Kisha toa gharama za kuingia: Dubai ada ya uhamisho ni asilimia 4, Uingereza humwongezea asiye mkazi asilimia 2 juu ya ushuru wa kawaida tangu Aprili 2021, Singapore tangu Aprili 2023 humtoza mgeni asilimia 60 ya ziada, ambayo peke yake inafunga mjadala.

Kando ya kila namba andika tarehe uliyoichukua. Case-Shiller hutoka ikiwa imechelewa kama miezi miwili, nayo ni wastani wa miezi mitatu. Namba za mwanzo za Uingereza husahihishwa miezi inayofuata kadiri mauzo mengine yanavyosajiliwa, na miezi ya karibuni ndiyo hubadilika zaidi. Ukirudi baada ya nusu mwaka na kukuta London imebadilika kwa miezi ambayo tayari uliijaza, futa safu nzima ya London na uijaze upya kutoka chanzo, badala ya kuongeza miezi mipya chini ya ile ya zamani.